Joto la Mtambo wa Kaarna

Viazi vilikuwa vimemenywa tangu saa tano na nusu, vimelala ndani ya sufuria ya maji baridi, na hakuna aliyethubutu kuvibandika motoni. Kila Jumamosi amri ya kuvibandika ilitoka upande wa pili wa mlima. Tuulikki, muuguzi wa wazee wa bonde la Syväjoki, akishamaliza nyumba yake ya mwisho saa sita, hushika redio ya mkononi na kusema maneno mawili tu: "Bandikeni viazi." Redio ya nyumbani, iliyokaa juu ya kabati karibu na mashine ya kahawa, huyatoa maneno hayo na mkwaruzo kidogo. Hapo baba yake, mzee Arvi, huinuka akinung'unika kwamba mtoto aliyemzaa mwenyewe sasa anamtuma kama karani, kisha huibandika sufuria.

Sasa ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Nje ilikuwa digrii thelathini na saba chini ya sifuri, na jua, kama ilivyo kawaida ya Januari, halikuwa limechomoza wala halikuwa na nia hiyo. Katika sauna ya uani, kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, moto ulikuwa unawaka tangu saa tano, maana Tuulikki alipenda kuoga kabla ya chakula. Redio ilikuwa kimya.

"Pengine amesahau," alisema Ilpo, mume wa Tuulikki.

"Tuuli asahau?" Arvi alicheka kwa pua. "Hata siku ya harusi yenu ni yeye aliyekukumbusha saa ya kufika kanisani."

"Basi amechelewa kwa bibi Hilja. Unamjua Hilja. Ukionja keki moja, kuna ya pili."

"Namjua Hilja. Namjua na wewe. Hiyo simu yako umeilaza kifudifudi tangu asubuhi, kila dakika tano unaichungulia. Kama una mwanamke mwingine, mwite aje tule naye viazi."

Ilpo hakucheka. Alikuwa na miaka arobaini na saba, fundi wa redio wa halmashauri, mtu wa vidole vyembamba na aibu nyingi. Aliigeuza simu akaisukuma katikati ya meza. Arvi alivaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Mtambo wa Kaarna hausikiki. Saa tatu na dakika arobaini." Akasoma tena, safari hii kimoyomoyo. "Saa tatu asubuhi?"

"Baba, mwezi wa kumi ilileta ujumbe huohuo mara mbili, na mara zote mbili mtambo ulikuwa mzima. Nikawasumbua watu bure. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote kama nimefunga mtambo au kengele ya mlangoni."

"Saa tatu asubuhi, Ilpo."

"Nilidhani ni uongo kama ule."

"Ulidhani, au uliomba iwe hivyo?"

Lilikuwa hilo la pili, na Ilpo akaichukua simu.

*

Mtambo wa Kaarna ulikuwa kibanda cha mabati juu ya kilele, na mlingoti ubavuni. Kazi yake ilikuwa kupokea sauti dhaifu kutoka bondeni, kuitia nguvu na kuirusha upande wa kijiji. Simu za mkononi bondeni hazishiki, na nyaya za simu za zamani zilishang'olewa, kwa hiyo wazee wa nyumba nne za Syväjoki, wafugaji wa kulungu wa barafuni na Tuulikki walikuwa na mtambo huo tu. Ulikula betri, na betri zilijazwa na pangaboi la upepo, na upepo ukikosekana jenereta la dizeli lilijiwasha lenyewe. Arvi alikuwa ameuangalia miaka thelathini na moja kabla ya kumwachia mkwewe.

Amplifaya ya zamani, kifaa chenyewe cha kuitia sauti nguvu, ilikuwa mlafi. Kila uniti mia ilizokula, kumi na nane tu zilifika kwenye antena, nyingine zote ziligeuka joto. Ilpo alikaa miaka miwili na jambo hilo, jioni kwa jioni, akibadili transista na kupunguza umeme wa kusubiri, ule ambao amplifaya hunywa hata pasipo mtu anayezungumza. Mwezi wa tisa alipandisha mtambo mpya kilimani. Arobaini na moja zilifika kwenye antena. Jenereta lililokuwa likinguruma mara nne kwa siku sasa lilinguruma mara moja kwa wiki.

Alhamisi ya juzi halmashauri ilimwita. Kulikuwa na keki iliyoandikwa kwa krimu "41 %", makofi, na picha ya gazeti la wilaya. Mwenyekiti alikata keki, akampa Ilpo kipande chenye nne, na Arvi, aliyealikwa kama babu wa mtambo, akapata alama ya asilimia. Njiani kurudi Ilpo aliendesha gari akitabasamu peke yake. Tangu azaliwe hakuwahi kupigiwa makofi. Sasa siku mbili tu zimepita, na mtu ampigie simu mwenyekiti Jumamosi asubuhi kumwambia kwamba mtambo wa keki umezimika? Hilo ndilo lililolaza simu kifudifudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mficha maradhi huwa hajioni kuwa anaficha. Hujiona anasubiri kidogo.

*

Ilpo alipiga namba ya dharura. Sauti ya mwanamke ilimjibu kwa upole wa kazini.

"Doria ya karibu ipo kilomita mia na ishirini. Barabara ni mbaya, hesabuni saa mbili na zaidi. Mkeo alisikika mara ya mwisho lini?"

"Saa mbili asubuhi, alipoondoka hapa."

"Na mtambo wa redio umezimika tangu lini?"

"Saa tatu na dakika arobaini."

"Ninyi mmejua lini?"

Ilpo alimtazama Arvi. Arvi alitazama viazi.

"Saa tatu na dakika arobaini," alisema Ilpo.

Upande wa pili zilisikika herufi zikibonyezwa, nyingi kuliko alivyotarajia.

"Sawa," ilisema sauti. "Nimeandika."

Alipokata simu Arvi alikuwa amekwisha kuvaa buti moja.

"Naenda na gari."

"Baba, kuzunguka mlima ni kilomita themanini. Na huko hujui yuko nyumba ipi. Huenda yuko mtaroni kati ya nyumba na nyumba, utampita gizani bila kumwona."

"Basi nikae hapa nikuangalie?"

"Mtambo ukiwaka atatuambia mwenyewe yuko wapi. Mpaka kileleni ni nusu saa kwa pikipiki ya theluji."

"Na ukifika kileleni utafanya nini? Utaubusu?"

Ilpo alifungua kompyuta. Alikosea nywila mara mbili. Kumbukumbu za mtambo zilikuwepo mpaka dakika ile ya mwisho, na alizisoma akishuka mstari kwa mstari. Hewa ilikuwa imetulia siku tatu, kama inavyotulia baridi kali ikija, na pangaboi halikuzunguka. Jenereta lilijaribu kujiwasha mara sita likashindwa. Kisha akaona mstari ambao hakuwahi kuuangalia hata siku moja.

"Ndani ya kibanda ni digrii thelathini na nne chini ya sifuri," alisema.

"Nje ya kibanda."

"Ndani, baba."

"Haiwezekani. Humo ndani mimi nakausha soksi."

"Lini?"

"Miaka yote. Juu ya amplifaya ile ya zamani. Napanda na soksi mbichi, nashuka na soksi kavu. Hata soseji nimepashia pale, nikaila mlangoni nimevua koti kwa sababu ya…"

Arvi aliishia hapo. Buti la pili lilikuwa bado mkononi. Wakatazamana, na kila mmoja akaona kwenye uso wa mwenzake kwamba ameelewa.

Joto lile lililoitwa hasara ndilo lililokuwa linapasha kibanda. Ndilo lililozuia betri zisife ganzi na mafuta ya jenereta yasigande. Jenereta nalo, likinguruma mara nne kwa siku, liliongeza lake. Ilpo alikuwa ameziba kila tundu la upotevu, na kibanda kikawa sanduku la barafu. Karakanani kwake, alikoupima mtambo miaka miwili, kulikuwa na digrii ishirini na moja na kikombe cha kahawa.

"Miaka thelathini na moja nimekausha soksi," alisema Arvi taratibu, "na sikujiuliza moto unatoka wapi. Hata mimi nilikula keki yao."

Ilpo aliinuka ghafla, kiti kikaanguka. Alikuwa mweupe mpaka midomoni. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba kama Tuuli amekaa ndani ya gari lililozima basi zimepita saa tatu sasa, na kwa baridi hii saa tatu ni nyingi, ni nyingi mno.

"Najua ni nyingi," alisema Arvi. "Mimi ndiye niliyemzaa. Nyamaza, tufikirie. Betri zinataka joto. Tuna nini cha moto?"

Wote wawili waligeukia dirisha. Uani, bomba la sauna lilikuwa linatoa moshi ulionyooka wima.

*

Mawe ya sauna hayatolewi. Huwekwa, huoshwa kila masika, na mawe ya nyumba hiyo yalikuwa yamechaguliwa na marehemu mama yake Tuulikki, moja moja, kandokando ya mto. Arvi aliyatoa kwa koleo la moto. Yale ya chini yalikuwa na wekundu hafifu. Waliyajaza ndani ya madumu mawili ya chuma ya maziwa, wakayafunga kwa ngozi za kulungu, wakayafungia kwenye sleji nyuma ya pikipiki ya theluji. Jiwe moja lilidondoka njiani mlangoni, likazama kwenye theluji likilia, na Ilpo akaona linavyopoteza moto na kudhani anamtazama mkewe.

"Usiangalie hilo," alisema Arvi. "Endesha."

Walipanda. Taa ya pikipiki ilionyesha mita ishirini mbele, na kope ziligandamana kila walipofumba macho. Ilpo aliogopa. Aliogopa kwa namna ambayo mtu mzima haogopi mbele ya watu, mpaka meno yakamgonga, na alishukuru kwamba baridi ilimpa kisingizio. Alimwona Tuuli kwenye gari lililolala ubavu. Alimwona amewasha mshumaa wa dharura aliouweka kwenye gari, akauona mshumaa ukifika mwisho. Alimwona amekaa ameegemeza kichwa kiooni, na hapo akajilazimisha kuhesabu vijiti vya kuonyesha njia mpaka kileleni.

Mlango wa kibanda uligoma, wakaupiga teke mara tatu. Ndani, kuta za mabati zilikuwa na manyoya ya barafu urefu wa kidole. Amplifaya mpya ilikaa ukutani, ndogo, safi, na kibati chenye alama "41 %" alichokigongomelea Ilpo mwenyewe. Taa yake ya kijani ilikuwa imezimika. Arvi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya jenereta: yalikuwa yameganda kama samli.

"Mawe ya dumu hili kwenye betri, haya mengine chini ya tumbo la jenereta," alisema Ilpo. "Weka ngozi kati ya jiwe na betri, zisije zikapasuka."

"Unanifundisha betri?"

"Samahani, baba."

"Fundisha tu. Leo hakuna mwenye ubingwa humu."

Wakafunga mlango, wakafunika kila kitu kwa ngozi, wakakaa kwenye giza la taa mbili za kichwani. Ilpo alishika mita. Volti kumi nukta tatu. Mtambo hauwezi kuwaka chini ya kumi na moja nukta mbili. Dakika kumi zilipita. Kumi nukta tano.

"Hajanilaumu hata mara moja," alisema Ilpo. "Miaka miwili nimekaa karakanani, hakunilaumu. Analeta kahawa, anauliza, 'Umefika asilimia ngapi?'"

"Nyamaza, Ilpo."

"Ilikuwa thelathini na nane tayari mwezi wa tano. Ilitosha. Nikataka nyingine tatu."

Arvi alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa ikicheza. Mzee huyo hakuwa amesali tangu kumzika mkewe, na alisahau maneno katikati, akayarudia tangu mwanzo.

Kumi nukta tisa. Kumi na moja. Ndani ya kibanda kulianza kunukia moshi wa sauna kutoka kwenye mawe, harufu ya Jumamosi, na Ilpo aliona heri asingeisikia. Kumi na moja nukta mbili. Kitu kikalia "tak" ukutani, na taa ya kijani ikawaka.

Ilpo alinyakua redio.

"Tuuli, Tuuli, hapa Kaarna. Nijibu."

Kimya.

"Tuuli, hapa Ilpo. Mtambo umewaka. Nijibu."

Kimya. Arvi alisimama, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Tuuli, tafadhali."

"Nakusikia," ilisema redio.

Arvi aliketi palepale juu ya dumu. Ilpo alicheka, kicheko cha ajabu chenye machozi ndani, akafuta pua kwa glavu. Kwa muda huo mfupi hakukuwa na mtu mwenye furaha kuliko yeye wilaya nzima.

"Uko wapi? Umeumia?"

"Mimi sijambo. Niko kwa Hilja." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Gari limekataa kuwaka. Nilikuja kwa dakika kumi, sikulichomeka kwenye umeme wa kupasha injini."

"Ahsante Mungu. Ahsante Mungu, Tuuli, sisi tulidhani…"

"Ilpo, nisikilize. Nimewaita tangu saa nne kasoro robo. Betri ya kwanza ya redio imeisha, nikatia ya pili. Hilja alishikwa na maumivu ya kifua nilipokuwa nampima presha. Nilimpa dawa, nikaita helikopta. Nikaita. Alikuwa anaongea, ameongea mpaka saa tano na robo. Aliniuliza kama helikopta itatua juu ya mawaridi yake. Nikamwambia yapo chini ya theluji, bibi, hayatadhurika. Kisha moyo ukasimama. Nikawa namkanda kifua, nasimama naita, namkanda, naita."

Ilpo alikuwa bado na tabasamu usoni, limesahaulika hapo.

"Na sasa?" aliuliza.

"Sasa hahitaji helikopta. Tangu saa tano na nusu."

Saa tatu na dakika arobaini mpaka saa tano na nusu. Ilpo aliifanya hesabu bila kutaka. Jiko la jikoni lilikuwa na moto tangu alfajiri, mawe yangepata moto popote. Nusu saa ya kupanda. Dakika arobaini za helikopta kutoka mjini. Ingewezekana. Isingekuwa hakika, lakini ingewezekana, na alijua kwamba neno hilo atakaa nalo.

"Mtambo ulipatwa na nini?" aliuliza Tuulikki.

Njia ya redio ilikuwa wazi kwa wote. Kituo cha afya kilikuwa kinasikiliza, wafugaji kwenye vibanda vyao walikuwa wanasikiliza, na mtoto wa kiume wa Hilja, dereva wa gari la kusukuma theluji, alikuwa na redio hiyohiyo kwenye dashibodi. Neno moja lingetosha: baridi. Na lingekuwa kweli. Arvi aliinua kichwa akamtazama mkwewe, hakumfanyia ishara yoyote.

"Ni mimi," alisema Ilpo. "Niliufanya usipoteze joto, kumbe joto ndilo lililokuwa linauweka hai. Na ujumbe kwamba umezimika niliupata saa tatu na dakika arobaini. Nikanyamaza. Niliona aibu ya keki ile."

Redio ilivuma peke yake. Hakuna aliyetia neno, wala wafugaji, ambao kwa kawaida hata habari ya mbwa aliyepotea huichangia. Kisha sauti ya msichana wa zamu ilisema, "Hapa kituo cha afya, tumewapata. Doria tunaielekeza kwa Hilja."

"Baba yupo hapo?" aliuliza Tuulikki mwishowe.

"Yupo."

"Mwambie asivue kofia."

Arvi alivaa kofia yake, ambayo kweli alikuwa ameivua, akatoka kwenda kwenye jenereta. Alivuta kamba mara nne. Mara ya tano lilikohoa, likashika, likaanza kunguruma, na kibanda kizima kikatetemeka.

"Ilpo," alisema Tuulikki. "Sina la kukuambia leo. Lakini usiuache ukazimika. Nyumba hii ipo kimya sana, na mimi nipo naye peke yangu mpaka waje."

"Sitauacha."

Alichukua bisibisi ndogo mfukoni, akafungua kifuniko chenye kibati cha alama. Skrubu ya umeme wa kusubiri ilikuwa imefungwa kwa tone la rangi nyekundu ili asiiguse mtu. Akalivunja tone hilo, akazungusha. Joto likapewa umeme zaidi, na asilimia ya mtambo ikashuka. Arobaini na moja, thelathini na tano, ishirini na nane. Akazungusha mpaka kumi na tisa, na hapo skrubu ikagota mwisho.

Kisha alivua glavu, akaweka viganja viwili juu ya mapezi ya alumini ya amplifaya, akangoja. Kwa dakika nyingi palikuwa baridi kiasi cha kuuma. Halafu joto likaja, kidogo kidogo, mpaka vidole vikaanza kuuma kwa kuyeyuka. Kila baada ya dakika tano aliinua redio akasema, "Tuuli, nipo," na kila mara kutoka upande wa pili wa mlima alijibiwa, "Nakusikia," bila neno jingine.